UZI: Waimbaji wa nyuma ya pazia katika sinema ya awali ya India Kusini, na wanawake waliofungua njia

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nyimbo za filamu za Kihindi zinapotajwa katika jukwaa hili, majina yanayofuata huwa ni Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh na Asha Bhosle. Si ajabu, kwa sababu filamu zilizokuwa zikijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zilitoka Bombay, na hata taarabu yetu imewahi kuazima mahadhi kutoka huko. Kusini mwa India, hata hivyo, kulikuwa na sinema nyingine nzima, yenye makao yake Madras, ambayo leo ni Chennai, iliyotengeneza filamu kwa Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Sinema hiyo ilikuwa na waimbaji wake waliokaa nyuma ya pazia huku waigizaji wakichezesha midomo mbele ya kamera, na hao ndio ninaotaka tuwazungumzie.

Nina hoja moja ninayoitetea tangu mwanzo. Simulizi iliyozoeleka huanza na T. M. Soundararajan, Ghantasala na P. Susheela katika miaka ya 1950. Hao ni magwiji na sitawapunguzia heshima yao, lakini walikuta njia imeshalimwa. Kazi ya kuitenganisha sauti na sura ilifanywa na wanawake wachache kati ya mwaka 1938 na 1948, wakati ambapo nyota wa kiume walikuwa bado wakiimba wenyewe, na majina ya wanawake hao ndiyo yanayosahaulika upesi kuliko yote.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla yao. Filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, Kalidas, iliyoongozwa na H. M. Reddy, ilitoka mwaka 1931, miezi michache tu baada ya Alam Ara ya Bombay, filamu ya kwanza ya India yenye sauti. Nyota wake, T. P. Rajalakshmi, alitoka katika maigizo ya jukwaani, na alizungumza na kuimba Kitamil wakati baadhi ya waigizaji wenzake walimjibu kwa Kitelugu. Watazamaji hawakujali, kwa kuwa walikuwa wamekuja kusikiliza nyimbo, na filamu za miaka ile zilikuwa na nyimbo nyingi mno, wakati mwingine kadhaa wa kadhaa katika hadithi moja. Vikundi vya maigizo vya nchi ya Watamil vilikuwa vimewalea waigizaji tangu utotoni katika uimbaji, na mtu asiyeweza kuimba hakuhesabiwa kuwa mwigizaji. Sinema iliirithi sheria hiyo kama ilivyo.

Uimbaji huo ulinaswa papo hapo, sauti na picha kwa pamoja. Mwigizaji alisimama chini ya mti akaimba, na wapigaji wa harmonia, fidla na ngoma walijificha nyuma ya kichaka au pembeni mwa kamera, mahali ambapo kipaza sauti kingewafikia lakini lenzi isingewaona. Mwigizaji akitembea, wapigaji nao walilazimika kutembea naye kwa kunyata. Ndege akilia au mtu akikohoa, wimbo mzima ulirudiwa tangu mstari wa kwanza. Ndiyo maana katika filamu nyingi za miaka hiyo mwimbaji husimama wima, shingo imekakamaa, kamera nayo haisogei: wote walikuwa wafungwa wa kipaza sauti kimoja.

Ufumbuzi ulionekana kwanza Calcutta mwaka 1935, pale kampuni ya New Theatres ilipotengeneza filamu ya Nitin Bose kwa Kibengali na Kihindi, ambayo nyimbo zake zilirekodiwa kwanza studioni kisha zikachezwa mbele ya waigizaji wakati wa kupiga picha. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Wimbo hurekodiwa pahali palipofungwa, pasipo upepo wala kelele, na siku ya kupiga picha huchezwa kwa spika, mwigizaji akaufuatisha kwa midomo huku kamera ikienda kwa mwendo uleule wa mtambo wa sauti. Sauti yenyewe iliandikwa kwa mwanga kwenye filamu, kwa kuwa utepe wa sumaku ulikuja baadaye, kwa hiyo haikuwa rahisi kukata neno moja baya na kubandika jingine. Mpigaji fidla akikosea katika beti la mwisho, wote walianza upya.

Utaratibu huo haukumlazimisha mtu kuazima sauti ya mwingine, kwa sababu mwigizaji angeweza kurekodi wimbo wake mwenyewe leo na kuuigiza kesho, na wengi walifanya hivyo kwa miaka. Kilichotokea Madras kilihitaji mtu wa kukata shauri. Mtu huyo alikuwa A. V. Meiyappan, mfanyabiashara aliyeanzia katika uuzaji wa santuri na ambaye baadaye alianzisha studio ya AVM. Katika filamu yake ya mwaka 1938, Nandakumar, mwigizaji wa kike aliimbiwa na Lalitha Venkatraman, ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa mwimbaji wa kwanza wa nyuma ya pazia katika sinema ya Kitamil. Muuza santuri alikuwa amezoea kuisikia sauti peke yake, bila sura, na naamini ndiyo maana yeye aliona mapema kile ambacho waongozaji waliotoka jukwaani hawakukiona.

Mwaka uliofuata ukaja mfano mzito zaidi. D. K. Pattammal alikuwa binti wa familia ya Kibrahmini ya Kanchipuram, aliyekuwa ameshajijengea jina katika muziki wa Karnatiki, muziki wa jadi wa India Kusini, wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake kuimba hadharani lilikuwa jambo la kunong'onezwa. Kujipaka rangi na kuigiza mbele ya kamera kusingewezekana kabisa. Lakini katika Thyagabhoomi ya mwaka 1939, iliyoongozwa na K. Subramanyam na baadaye kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni, sauti yake ilisikika ikiita watu kuitumikia nchi, na mwili wake haukuonekana. Maishani mwake mwote alikubali kuziimbia filamu nyimbo za kizalendo na za ibada tu. Za mapenzi alizikataa. Hapo pazia lilimpa mwanamke uhuru wa kuingia mahali ambapo asingeruhusiwa kuingia kwa miguu yake, akaweka masharti yake mwenyewe juu ya kile atakachokiimba.

Wapo wanaodhani kwamba waimbaji hawa walijificha kwa sababu hawakuwa na sura ya kuvutia. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba hali ilikuwa nyingine, ingawa nakiri wazi kwamba si wote waliopitia njia hiyo. M. S. Subbulakshmi, mwenzake Pattammal katika muziki uleule, aliigiza na kuimba mwenyewe katika filamu nne, tangu Sevasadanam ya mwaka 1938 hadi Meera ya mwaka 1945 iliyoongozwa na Mmarekani Ellis R. Dungan, kisha akaiacha sinema. K. B. Sundarambal, aliyetoka jukwaani, alilipwa rupia laki moja kuigiza na kuimba kama Nandanar, mhusika wa kiume, katika filamu ya mwaka 1935, malipo yaliyowashangaza watu wa enzi ile. Waliokuwa na jina kubwa kiasi hicho waliinunua haki ya kuonekana na kusikika kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyogeuza mambo. Mwaka 1945 Meiyappan alitengeneza Sri Valli, hadithi ya mungu Murugan na mke wake aliyelelewa na wawindaji. Mwigizaji wa kiume, T. R. Mahalingam, alikuwa na koo la ajabu, lenye uwezo wa kupanda hadi juu kabisa bila kuyumba, na wimbo wake kuhusu msitu usiokauka uliimbwa mitaani kwa miaka. Mwigizaji wa kike, Kumari Rukmini, alikuwa kijana mzuri wa sura na uigizaji, lakini uimbaji wake ukiwekwa kando ya ule wa Mahalingam ulionekana mwembamba. Picha zilikuwa zimeshapigwa, akiwa ameimba mwenyewe. Meiyappan hakuridhika, akamwita P. A. Periyanayaki aimbe upya nyimbo zote za Rukmini juu ya picha iliyokwisha kupigwa.

Hebu fikirini ugumu wa kazi hiyo. Katika utaratibu wa kawaida mwigizaji ndiye anayeufuatisha wimbo, hivyo mwimbaji huwa huru kuvuta pumzi apendapo. Hapa mambo yaligeuka. Periyanayaki ndiye aliyelazimika kuitazama midomo ya Rukmini, iliyokuwa imeshafunguka na kufungika pale ilipotaka, na kuingiza kila silabi, kila mtetemo wa sauti na kila pumzi ndani ya kipimo alichowekewa na mtu mwingine, huku muziki wa Karnatiki ukiwa na mapambo ya sauti ambayo hayagawanyiki kirahisi katika sehemu za sekunde. Filamu ilipata mafanikio makubwa. Kuanzia hapo watengenezaji wa filamu walijua jambo ambalo zamani walikuwa wakilikisia tu, kwamba mtazamaji akipewa sura nzuri na sauti nzuri hataulizia kama zimetoka kwa mtu mmoja.

Mwanzoni mwa 1947, miezi kabla ya uhuru wa India, AVM ikatoa Naam Iruvar, ambamo Pattammal aliimba mashairi ya Subramania Bharati na msichana mdogo, Kumari Kamala, akayacheza. Bharati alikuwa amefariki mwaka 1921, na mojawapo ya mashairi hayo linashangilia uhuru kana kwamba umeshapatikana. Mchezaji ngoma hodari asingeweza kucheza vile huku akiimba, na mwimbaji mkubwa asingekubali kucheza. Wawili hao walikutana kwenye filamu tu. Sinema ya India Kusini ilipata hapo aina mpya kabisa ya wimbo, ule ambao miguu na koo vyote viko katika kiwango cha juu.

Mwaka 1948 ndipo mambo yalipoenea. Katika Gnanasoundari, hadithi ya Kikristo ya Kitamil, kuna wimbo wa kumwomba Bikira Maria ambao huanza na mtoto akipiga magoti na kumalizika akiwa mwanamke mzima. Sehemu ya mtoto iliimbwa na Jikki, aliyekuwa bado binti mdogo, na ya mtu mzima ikaimbwa na Periyanayaki. Mhusika ni mmoja, waigizaji ni wawili, sauti ni mbili, na hakuna anayeimba kati ya wanaoonekana. Mwaka huohuo Kerala, nchi ya Kimalayalam, ilipata Nirmala, filamu ya kwanza ya Kimalayalam iliyotumia waimbaji wa nyuma ya pazia, miongoni mwao T. K. Govinda Rao na Sarojini Menon, kwa maneno ya mshairi G. Sankara Kurup. Na karibu na wakati huo, katika filamu ya Kitamil Kankanam, alijitokeza P. Leela wa Palakkad, mwenye umri wa miaka 13, ambaye hakujua Kitamil, akayaandika maneno kwa herufi za Kimalayalam na kuyakariri.

Naendelea, kwa sababu wachangiaji wameniuliza maswali, na la kwanza ni la haki: wanaume walikuwa wapi wakati huo wote?

Wanaume walikuwa wakiimba wenyewe, na walikuwa wafalme. M. K. Thyagaraja Bhagavathar, aliyeanza na Pavalakkodi mwaka 1934, alipendwa kwa sauti yake kiasi kwamba filamu yake Haridas, iliyotoka mwaka 1944, ilikaa katika jumba moja la sinema la Madras hadi ikapitiwa na sikukuu tatu za Deepavali, sikukuu ya taa ya kila mwaka. P. U. Chinnappa alikuwa mshindani wake. Nani angethubutu kumwambia mmoja wao kwamba ataimbiwa? Enzi yao ilikatwa na mambo yasiyohusiana na muziki. Bhagavathar alikamatwa mwishoni mwa 1944, pamoja na mchekeshaji N. S. Krishnan, katika kesi ya mauaji ya mwandishi wa habari Lakshmikanthan, na alipoachiwa huru mwaka 1947 baada ya rufaa yao kufika hadi London, watazamaji walikuwa wameshahamia kwingine. Chinnappa alifariki mwaka 1951.

Waliochukua nafasi zao, M. G. Ramachandran na Sivaji Ganesan, walitoka pia jukwaani, lakini nguvu yao ilikuwa katika mwili na usemi. Filamu za waandishi wa vuguvugu la Kidravida, harakati ya kisiasa ya Watamil, zilidai mtu wa kutamka hotuba ndefu kwa Kitamil kilichochongwa. M. M. Mariappa alimwimbia Ramachandran katika Rajakumari ya mwaka 1947, na C. S. Jayaraman akamwimbia Ganesan katika Parasakthi ya mwaka 1952. Kisha mwaka 1954 T. M. Soundararajan aliwaimbia wote wawili katika filamu mbili tofauti, Malaikkallan kwa Ramachandran na Thookku Thookki kwa Ganesan. Alizaliwa Madurai katika jamii ya Wasaurashtra, ambao nyumbani hawazungumzi Kitamil, na mwanzoni alisifiwa kwa kumwiga Bhagavathar. Ufundi wake mkubwa ulikuwa huu: alisikiliza jinsi kila mwigizaji anavyozungumza, akaimba kana kwamba koo ni la huyo huyo. Wimbo wa Ganesan hutoka tumboni, mzito na wenye mtikisiko; wa Ramachandran ni mwepesi zaidi na hukaa juu, karibu na pua. Msikilizaji wa redio hutambua nani yuko kwenye picha kabla hajatajiwa.

Upande wa Kitelugu kazi hiyo ilikuwa ya Ghantasala Venkateswara Rao, aliyewahi kufungwa na Waingereza katika harakati za kudai uhuru za 1942, na ambaye aliwaimbia nyota N. T. Rama Rao na Akkineni Nageswara Rao kwa sauti mbili zinazotofautishika. Nageswara Rao alikuwa ameanza kwa kuimba mwenyewe, na kwa kweli alifaidika kwa kuacha.

Swali la pili lilikuwa kama watazamaji hawakujihisi wamedanganywa. Jibu langu ni kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1950 walikuwa wakiujua mchezo na kuufurahia, na ushahidi ninaoutegemea ni wimbo mmoja wa Mayabazar, filamu ya Kitelugu ya K. V. Reddy ya mwaka 1957. Katika hadithi, jitu Ghatotkacha hujigeuza kuwa bibi harusi Sasirekha ili kuwahadaa wakwe. Mwigizaji Savitri anacheza bibi harusi huyo bandia, akiimba kwa sauti ya P. Susheela, laini na yenye aibu ya mwari. Ghafla jitu linajisahau: Savitri anapanua mabega, anakunja uso, na kinywani mwake inatoka sauti ya Ghantasala, nzito ya kiume, ikipanda na kushuka kwa majina ya noti. Anajikumbuka, anainamisha kichwa, na Susheela anarudi. Utani wote unategemea watazamaji kuelewa kwamba mwili unaweza kubeba sauti isiyo yake. Watu wasiojua jinsi nyimbo zinavyotengenezwa wasingecheka pale.

Swali la tatu, kama waimbaji walizuiwa na tofauti za lugha, lina jibu fupi. Kwa kuwa studio za lugha zote nne zilikuwa Madras, sauti moja ingeweza kurekodi kwa Kitelugu asubuhi na Kitamil jioni, na mipaka ya lugha haikuwazuia. P. B. Sreenivas, mzaliwa wa Kakinada katika nchi ya Watelugu, alikuwa kwa miaka mingi sauti ya Rajkumar, nyota mkuu wa Kikannada. Susheela, naye Mtelugu kutoka Vizianagaram, aliajiriwa na AVM kwa mshahara wa mwezi, na studio ikamtafutia mwalimu wa kumnyoosha matamshi ya Kitamil.

Kuna waliokataa utaratibu huu, na nawapenda kwa ukaidi wao. P. Bhanumathi, mwigizaji, mwongozaji na mmiliki wa studio, aliendelea kuimba mwenyewe wakati wenzake wote walikuwa wakiimbiwa. Rajkumar niliyemtaja alianza kuimba nyimbo zake mwenyewe kwa kudumu baada ya Sampathige Savaal ya mwaka 1974, akiwa ameshaimbiwa miaka zaidi ya 15, na akawa mwimbaji wa kuheshimiwa.

Mchangiaji wa mwisho ameuliza ni kwa nini jina la Periyanayaki halipatikani kwa urahisi wakati nyimbo zake zinapatikana. Sababu ni kwamba katika filamu nyingi za miaka ya 1940 majina ya waimbaji hayakuandikwa kabisa mwanzoni mwa picha, na watu walimkumbuka mwigizaji waliyemwona. Heshima rasmi nayo ilichelewa. Tuzo ya taifa ya mwimbaji bora wa kike wa filamu ilipoanzishwa, wa kwanza kuipata alikuwa Susheela, kwa filamu ya Kitamil ya mwaka 1968, miaka 30 baada ya Lalitha Venkatraman kuimba katika Nandakumar. Susheela aliistahili. Ila hapakuwa na tuzo ya namna hiyo wakati Periyanayaki alipokuwa akiitazama midomo ya Rukmini.

Kwa wanaotaka kusikiliza, nashauri waanze na nyimbo za Sri Valli, kwanza kwa kutazama picha na kisha kwa kuifunga na kubaki na sauti, halafu waende Naam Iruvar, Gnanasoundari na Mayabazar kwa mpangilio huo. Soundararajan na Ghantasala nitawafungulia uzi wao, kwa sababu mmoja mmoja ana mengi ya kusemwa kuliko yanayoweza kuingia hapa.